Dainamo ya marehemu baba kwenye baiskeli ya umeme: inanisaidia au inanilia betri?

MaziwaPongwe

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuza maziwa, nakaa Pongwe, wateja wangu wengi wako Ngamiani na wachache Chumbageni. Natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu mama ntilie wangu wa kwanza anataka maziwa yawe jikoni kabla ya saa kumi na mbili, na akiyakosa anakupa maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika. Madumu mawili ya lita 20, dumu moja kila upande wa keria. Kilomita kumi na mbili na ushee kwenda, halafu kurudi madumu yakigongana matupu.

Mwaka jana goti lilinikataa. Nikafunga mota ya Kichina ya wati 250 kwenye tairi la nyuma la baiskeli ya Phoenix aliyoniachia marehemu baba. Betri ni ya volti 36, Ah (ampea-saa) 10. Ina mafuta ya mkononi, yaani mshiko wa kuongeza mwendo (ndiyo, tunaita mafuta, hata kama hakuna tone la petroli ndani yake). Biashara imenyooka, alhamdulillahi.

Shida yangu ni taa. Barabara ya Segera saa kumi na nusu ni giza totoro na malori ya saruji hayana muda na mtu wa maziwa. Sasa kwa kuwa betri ndiyo riziki yangu, sikutaka kuigusa. Nikakumbuka dainamo ya baba, ile yenye umbo la chupa inayobingirika kwenye tairi, imeandikwa 6V 3W, nikeli yake imeshababuka lakini ukiizungusha kwa kidole unaisikia iko hai. Nikaifunga tairi la nyuma, taa ya mbele ile kubwa kama bakuli la uji, na nyekundu nyuma. Siku ya kwanza nilijiona mfalme.

Siku ya tatu nikaanza kuona mambo. Baiskeli nzito. Mota imebadilisha sauti, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Zamani nikifika Ngamiani betri inaonyesha alama tatu, siku hizi nikiwasha taa naona mbili. Nikisimama kupisha lori, giza, na hapo ndipo hasa nahitaji kuonekana. Halafu wiki iliyopita balbu ya mbele ikaungua, na kabla sijasema bismillahi na ya nyuma nayo ikafuata.

Juu ya hayo kuna fundi simu mmoja ameniambia nisihangaike, nimpe elfu thelathini aingize waya za dainamo kwenye tundu la kuchajia, betri iwe inajichaji njia nzima, isiishe maisha. Moyo unaniambia kuna kitu hapo, ila sijui ni kitu gani. Nisaidieni. Na simu nayo ningependa iwe inachaji njiani, wateja wananipigia mpaka inazima.

Msukuma Pedali

Mkuu, elfu thelathini mnunulie mama ntilie kanga, huenda akapunguza maneno.

Dainamo inazungushwa na tairi. Tairi linazungushwa na mota. Mota inalishwa na betri. Huyo fundi anakuambia umkamue ng'ombe halafu umnyweshe maziwa yake mwenyewe ili kesho atoe mengi zaidi. Wewe ni mtu wa maziwa, jipe jibu.

Niko Kahama, baiskeli yangu haina mota wala dainamo, nina tochi ya kichwani ya elfu tano. Inatosha.

Fundi wa Bremen

Salaam. Mimi mtoto wa Korogwe, sasa ni mwaka wa tisa niko Bremen, Ujerumani, kwenye karakana ya baiskeli. Swali lako huku naulizwa pia, ila wenzetu wanauliza wakiwa wameshanunua kila kitu, na wanakasirika ukiwajibu. Nashukuru wewe umeuliza mapema.

Jibu fupi ni kwamba inakulia betri. Hesabu yake ndiyo hii, nawe unahesabu lita kila siku, haitakushinda.

Volti 36 mara Ah 10 ni Wh (wati-saa) 360. Hilo ndilo dumu lako la umeme. Taa zako za zamani ni wati 2.4 mbele na 0.6 nyuma, jumla wati 3. Ungezilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa saa nzima, zingekunywa Wh 3, tuseme 3.5 kwa kile kinachomwagika njiani. Baiskeli yenye mzigo kama wako, nawe unasaidia pedali kidogo, inakula kama Wh 10 kila kilomita. Kwa hiyo taa ya saa nzima inakugharimu mita mia tatu na hamsini za safari. Ni kama kutoka nyumbani kwako hadi dukani kununua chumvi.

Sasa pitisha umeme huo huo kwenye dainamo. Dainamo ya chupa ikikupa wati 3, kwenye tairi imeshachukua 8 hadi 10. Zilizobaki zimekuwa joto, msuguano wa mpira, na ule mlio. Ukifika Ngamiani iguse, utaikuta ina uvuguvugu. Huo uvuguvugu ni maziwa yako yaliyomwagika. Na mota inayolizungusha hilo tairi nayo haitoi yote inayopewa, ukiipa 100 inarudisha kama 75. Piga mahesabu, betri inatoa wati 11 mpaka 13 ili taa ipate 3. Mita zako mia tatu na hamsini zimekuwa zaidi ya kilomita moja. Ndiyo ile alama ya tatu iliyopotea, au tuseme sehemu yake, maana alama za betri za bei rahisi nazo ni waongo.

Kama ungekuwa unapiga pedali peke yako, ningesema dainamo ni kitu kizuri kabisa, kwa sababu wati zinatoka kwenye ugali na wewe hulipii ugali kwa Wh. Ila ukishaweka mota, anayezungusha dainamo ni betri, hata kama waya zake hazijagusana.

Balbu kuungua kwa kufuatana si uchawi. Dainamo ya aina hii ina tabia moja, inasukuma karibu nusu ampea, iwe kuna balbu mbili au moja. Mbele inachukua 0.4, nyuma 0.1. Ya mbele ikikatika, mkondo wote unamwangukia mdogo wa nyuma aliyezoea sehemu moja kwa tano. Haponi.

Kuhusu tundu la kuchajia: dainamo inatoa umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo kila mara), betri inataka DC (wa mwelekeo mmoja), na betri yako ili ijae inahitaji volti 42. Tuseme fundi wako ni bingwa, akaweka dayodi nne za kugeuza AC kuwa DC na kifaa cha kupandisha volti bila kupoteza hata chembe. Wh 360 kugawa kwa wati 3 ni saa 120. Siku tano usiku na mchana bila kushuka kwenye kiti. Na kila Wh 3 zinazoingia kwa mbele, 12 zimeshatoka kwa nyuma. Kanga ya mama ntilie ni matumizi bora ya hizo fedha.

Fanya hivi. Tafuta taa ndogo ya LED ya bodaboda iliyoandikwa 12-80V, yenye wati chache, usichukue yale majini ya kumulika ndege. Hiyo inaingia kwenye volti 36 bila kifaa cha katikati. Chukua umeme kwenye waya zilezile zinazokwenda kwenye kontrola (kisanduku kinachoongoza mota), yaani baada ya saketi ya ulinzi ya betri. Weka fyuzi ya ampea 1 au 2 karibu na betri, siyo karibu na taa. Fyuzi inalinda waya, na waya ukichubuka huchubuka kwenye fremu.

Kuna mambo mawili ya kukwepa. Kwanza, usikubali mtu afungue betri akaunganisha taa kwenye seli tatu tu za mwanzo "kupata volti 12". Taa itawaka vizuri, ila zile seli tatu zitachoka peke yao, na saketi ya ulinzi itaizima betri nzima mapema kwa ajili ya hao watatu. Nimeshafungua betri za namna hiyo, zinatia huruma. Pili, kwa ajili ya simu utahitaji kigeuzi cha kushusha hadi volti 5. Viko vya bluu vidogo vyenye chipu ya LM2596, bei ya kutupa, viko kila mahali. Kikomo chake ni volti 40. Betri yako ikijaa ni 42. Kitafanya kazi jioni, kitakufa asubuhi. Chukua kilichoandikwa volti 60 kwenda juu.

Simu yenye betri ya mAh 4,000 ni kama Wh 15, pamoja na upotevu zinafika 20. Hiyo ni kilomita mbili. Hapo sasa kuna cha kufikiria, kuliko taa.

MaziwaPongwe

Fundi wa Bremen, Mungu akuweke. Nimesoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mke wangu akaniuliza nasomea mtihani gani.

Ila nimechelewa kidogo. Kile cha bluu nilikuwa nimeshaagiza, mpwa wangu kaniletea kutoka Kariakoo kabla sijafika kwenye ile aya yako. Nikakifunga jana jioni betri ikiwa nusu, simu ikachaji, nikakusengenya kidogo moyoni. Leo alfajiri nimechomoa chaja, nimewasha swichi, kikatoa sauti kama bisi, tik, na harufu ya samaki aliyeungua. Simu imepona, nashukuru ilikuwa mfukoni. Kwa hiyo wengine msome mpaka mwisho kabla ya kununua.

Nina maswali mawili. Betri ikizima ghafla katikati ya Segera road, si nitabaki gizani kabisa? Hii yangu haina adabu, ikifika chini inakata vyote kwa pamoja, hodi hapigi. Na la pili, nani ananihakikishia kwamba hizo wati 8 na 12 ni za kweli kwangu? Dainamo ya baba ni ya zamani, labda zamani walitengeneza vizuri.

Fundi wa Bremen

Swali la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani, hata wenye sheria waliliuliza. Hapa Ujerumani kwa miaka mingi baiskeli ilitakiwa iwe na dainamo, mpaka 2013 ndipo taa za betri zikaruhusiwa. Kwa baiskeli za umeme kanuni inasema taa zinaweza kulishwa na betri ya mota, mradi mota ikishajizima kwa kuishiwa, taa ziendelee kuwaka kwa muda wa saa mbili angalau. Kwa hiyo mifumo ya viwandani inakata mota mapema na kuacha akiba kwa ajili ya taa. Ya kwako haina akili hiyo. Beba tochi, au msikilize mtu mwenye wazo bora.

La pili, usiniamini mimi. Pima. Una mita ya kupimia umeme? Iweke kwenye ampea 10, ipitishe kwenye waya mmoja wa betri, inua tairi la nyuma, vuta mafuta mpaka mwisho, soma namba. Halafu angusha dainamo kwenye tairi, taa ziwake, soma tena. Usisahau kurudisha waya wa mita kwenye tundu la volti ukimaliza, la sivyo utalia mara ya pili wiki hii.

Babu wa Ngamiani

Wanangu hamjambo. Mjukuu ananisaidia kuandika, maneno ni yangu.

Mimi ni fundi baiskeli tangu Tanga baiskeli zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuziendesha. Huyo kijana wa Ulaya kasema kweli kwenye hesabu. Lakini wewe mtoto wa Pongwe usije ukaitupa dainamo. Dainamo ina kitufe cha kuiachia. Unajua kwa nini? Kwa sababu haikukusudiwa kukaa kwenye tairi wakati wote. Iinue. Ikae juu kama kuku kwenye mti. Siku betri ikikata, unaiangusha, unapiga pedali na goti lako hilohilo, unafika na taa yako inawaka. Akiba ya saa mbili uliyoambiwa, ndiyo hiyo, na haihesabu saa.

Ihamishe mbele. Nyuma umebeba maziwa, tairi linabonyea, linarusha tope, na dainamo inakula upande. Ukiifunga mbele chukua uzi, ufunge kwenye nati ya ekseli, uvute mpaka kwenye kichwa cha dainamo. Uzi lazima ulale sawasawa na mwili wa dainamo, usipinde kushoto wala kulia. Ukipinda kidogo tu, kichwa kinaliburuta tairi badala ya kubingirika, na ule mlio unaoulalamikia unatoka hapo. Nimeona matairi yamechanwa ubavu kwa ajili ya uzi ambao mtu hakuona haja ya kuufunga.

Halafu kwangua rangi pale kamba ya chuma ya dainamo inapokamata uma wa gurudumu. Kwenye hizi za zamani waya ni mmoja tu, wa pili ni fremu yenyewe. Rangi ikiwa katikati, taa inawaka leo kesho haiwaki, na mtu anabadilisha balbu tatu kabla hajafikiria rangi.

Kuna wanaosema dainamo za ndani ya kitovu cha gurudumu ni mambo mapya ya Ulaya. Sturmey-Archer wa Nottingham waliitoa ya kwao mwaka 1936, na nilizikuta kwenye Raleigh mbili tatu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Mtu alikuwa akiileta, sisi tunagombania kuifungua. Ukiifungua vibaya sumaku inapoteza nguvu, na mwalimu wangu alituambia hivyo baada ya kuiharibu ya kwanza yeye mwenyewe.

Msambaa wa Soni

Naomba kudandia uzi huu. Mimi nina mpango wa kununua baiskeli ya umeme, napeleka plamu na kabichi Mombo. Kushuka kutoka huku juu hakuhitaji betri wala pedali, ni breki tu mpaka zinanuka. Hapo dainamo si itakuwa bure kabisa? Umeme wa mteremko hauna mwenyewe.

Fundi wa Bremen

Msambaa, hapo umesema kweli, kwenye mteremko dainamo ni bure. Ila bure yenyewe ni kidogo mno. Hata ukishuka kwa kasi dainamo haiongezi sana, inabaki pale pale kwenye wati zake 3 na chenji. Saa nzima ya kushuka, Wh 3.

Tazama kilichopo kwenye huo mteremko. Tuseme unaanzia Lushoto: hadi Mombo kimo kinapungua karibu mita elfu moja. Wewe, baiskeli na kabichi mkiwa kilo 120, huo ni mzigo wa nishati wa kama Wh 330, karibu betri nzima ya mwenzako wa Pongwe, na wewe unaugeuza kuwa harufu ya breki. Anayeweza kukurudishia sehemu yake ni mota yenyewe. Lakini siyo kila mota. Zile ndogo nyepesi zina gia ndani na klachi, ukishuka klachi inaachia, mota inalala. Unahitaji ile kubwa isiyo na gia, nzito kama jiwe la kusagia, na kontrola inayokubali kurudisha umeme. Ukirudishiwa hata theluthi moja ya hizo 330, breki zako zitakushukuru kuliko betri.

Ila usianze kushuka na betri iliyojaa pomoni. Haina pa kupokea, saketi ya ulinzi inafunga mlango, na ule uzito wa mota uliokuwa unakushikilia unaachia ghafla kwenye kona. Chaji ukifika Mombo, siyo nyumbani. Na breki za kawaida ziwe nzima siku zote.

Msukuma Pedali

Huku Kahama ni tambarare. Nazidi kuipenda tochi yangu.

MaziwaPongwe

Wakuu nimerudi na namba. Samahani kwa kukaa kimya, mvua ya wiki mbili na ng'ombe mmoja alikuwa mgonjwa.

Jumapili niliinua baiskeli kwenye matofali mawili uani. Mita niliazima kwa jirani. Mwanangu wa darasa la sita akawa msomaji wa namba, mimi nikavuta mafuta. Betri imetoka kuchaji, volti 40 na pointi kidogo wakati tairi linazunguka.

Tairi peke yake, bila dainamo: ampea 0.92. Dogo akaandika ukutani kwa mkaa.

Nikaiangusha dainamo. Tairi likasita kama mtu aliyeitwa jina lake, halafu likaendelea, taa ya bakuli ikawaka njano. Dogo akasema 1.31. Nikamwambia soma vizuri. Akasema baba ni moja pointi tatu moja, njoo usome mwenyewe. Nikaenda nikasoma mwenyewe. Tofauti 0.39, mara volti 40, ni karibu wati 16. Najua tairi hewani linazunguka kasi kuliko njiani, kwa hiyo njiani ni pungufu ya hapo. Lakini wati 16 kwa ajili ya taa ya wati 3! Mimi mteja akinilipa hivyo tungefikishana kwa mjumbe.

Halafu nikaiinua dainamo, nikawasha LED mpya ya bodaboda (nimepata ndogo, na ya nyuma nyekundu, zote zinakubali mpaka 80V), zimefungwa kwenye waya za kontrola na fyuzi ya ampea 1. Mita ikasema 1.04. Chini ya wati 5, na mwanga wake ukutani ni mweupe mpaka kuku walitoka bandani wakidhani kumekucha.

Nimeendesha wiki sasa. Alama tatu zimerudi. Nikisimama taa inawaka, na malori yanaanza kunipisha kabla sijayapisha. Kigeuzi cha simu nimechukua cha volti 60, hakijalia tik mpaka leo, ila nachaji wakati wa kurudi tu madumu yakiwa matupu, kwa sababu zile kilomita mbili zimeniuma.

Fundi simu nilimwonyesha namba za mkaa kwenye picha. Akaniambia mita ya jirani ni mbovu.

Babu, shikamoo. Nimefanya yote. Dainamo iko mbele, uzi nimeufunga kwenye nati kama ulivyosema, ilikuwa imepinda kiasi cha kidole. Rangi nimekwangua. Alhamisi nikaijaribu kusudi: nilipofika pale njia inapoinama kidogo kabla ya mjini nikazima betri, nikaiangusha, nikapiga pedali. Mlio ni ule ule aliokuwa akija nao baba usiku, tulikuwa tunamsikia kabla hajafika mtini, mama anaanza kupakua. Sikuwa nimeusikia hivyo nilipoifunga nyuma, labda ni kwa sababu ilikuwa imepinda, labda ni kwa sababu ya mota. Basi nikaendesha nayo mpaka Ngamiani, goti lisamehe.

Ila imebaki shida moja. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na kichwa cha dainamo kikawa kinateleza kwenye tairi, taa inawaka inazima. Kile kichwa kimelainika kama kokoto la baharini. Kuna dawa?

Babu wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Kichwa kikiisha meno kinavishwa kofia ya mpira. Zilikuwa zinauzwa, siku hizi sijaziona madukani, tunakata kwenye tyubu ya pikipiki iliyochoka, upana wa kidole gumba, inavutwa kwa nguvu mpaka iingie. Usitumie tyubu ya baiskeli, ni nyembamba, itakatika kabla ya Ijumaa.

Niko Barabara ya 9. Ninazo mbili nimeshakata, moja yako. Usije na hela, njoo na lita moja, na uje kabla yule mama ntilie wako hajayamaliza.